Mlima wa Bati

Hakuna kitu duniani kilichoweza kunishangaza mimi. Nilikuwa nikilisema hilo kwa sauti dukani kwangu Nateete, mguu mmoja juu ya sanduku, na hakuna aliyenibishia. Nilikuwa nimemwona Mhindi mwenye duka la vitambaa akiuhama mji huu na begi moja mkononi, funguo akaziacha zinaning'inia mlangoni. Nilikuwa nimemwona mpishi wa kambi akilala koplo akaamka meja. Nilikuwa nimeona chumvi ikipimwa kwa kijiko cha chai kama dawa. Nishangazwe na nini tena? Mimi niliyeiacha shule darasa la tatu, nilikuwa fundi wa masanduku ya bati anayejulikana toka Nateete mpaka Mengo. Wale waliogawiwa maduka na serikali, tuliowaita mafuta mingi, walikuja kwangu kununua sanduku la kutia pesa zao. Duka langu mimi sikugawiwa na mtu. Nililigonga kwa nyundo, bati baada ya bati. Sanduku langu ungelikalia wewe na shangazi yako mnene, lisingelia hata kidogo.

Kwa hiyo asidhani mtu kwamba haya yalimpata mnyonge. Yalimpata mtu mzito.

Nilizaliwa kwenye kota za polisi, baba yangu akiwa askari kutoka kaskazini, ndiyo maana Kiswahili nimekinyonya pamoja na maziwa. Tulipotolewa kwenye kota tukahamia Namuwongo karibu na reli, pale ambapo mvua ikinyesha mji mzima unakuletea maji yake mlangoni. Kule alikotoka baba ni tambarare tupu. Kitu kirefu kuliko ng'ombe ni kichuguu, na kila kichuguu kina mwenyewe. Mtu anakirithi kwa baba yake pamoja na kumbikumbi waliomo, na ukikutwa unachimba cha mwenzako mtapelekana kwa chifu. Baba aliniambia tuna viwili. Hiyo ndiyo milima niliyoingia nayo Kampala.

Na Kampala bila mlima wewe si mtu. Huku watu wanavitaja vilima kama wanavyowataja baba zao. Hakuna anayekuuliza dini yako. Anakuuliza unasali kilima gani, ukisema Lubaga amekujua Mkatoliki, Namirembe amekujua Mprotestanti, Kibuli amekujua Mwislamu, na ukinyamaza anakutazama viatu. Aliyepata pesa amepanda. Aliyefilisika ameteremka bondeni, hata kama hajahama chumba chake. Soko la Nateete kulikuwa na mama aliyepanga nyanya zake tatu chini, moja juu, akaliita fungu lile kilima. Ukimwomba nyongeza alikujibu, "Sebo, nyanya umepata, sasa unataka nikupe na mawingu?" Wanajeshi nao walikuwa na neno lao moja, panda, ambalo likisemwa karibu na gari lao mtu alisahau jina la mama yake.

Mke wangu yeye alikuwa na mlima wa kweli. Alitoka kwenye kigongo kimoja chini ya Rwenzori, huko magharibi, ambako theluji inakaa juu ya vichwa vya watu na chini wanavuna kahawa. Nilimpata Mengo, alikokuwa anafua mashuka ya hospitali, na nilimpata kwa sanduku: aliniletea la kwake nilitengeneze kitasa, nami kitasa kile nikakitengeneza polepole sana.

Nyumbani kwangu hakukuwa na kulia wala kushoto. Kulikuwa na upande wa mlima na upande wa bondeni, basi. Ukuta wa magharibi wa chumba chetu, ule ulioelekea kwao, ndio uliokuwa mlimani, ingawa nyuma yake kulikuwa na choo cha jirani. "Sufuria iko upande wa mlima." "Sogea bondeni kidogo, unanibana." Siku moja aliniambia mtoto ametoka upele kwenye shavu la bondeni. Nikamgeuza mtoto nitazame, akasema, "Sasa umeupeleka mlimani." Kitanda tulikigeuza ili kichwa chake kielekee kwao. Sikuudhika. Ilinichukua miezi kuijua lugha ile, na nilipoijua niliona fahari, maana Nateete nzima hakuna mwingine aliyeielewa. Ilikuwa yangu na yake.

Liko jambo moja tu nililokuwa nimelikwepa. Kwao, mkwe hawi mkwe kwa mbuzi peke yake. Anatakiwa aende kwa baba mkwe, akae, afanye kazi yoyote atakayopewa, angoje mpaka mawingu yafunguke na mlima utokeze mzima na weupe wake. Hapo mzee anamwambia, "Umeonwa." Hawasemi kwamba wewe umeuona mlima. Mlima ndio umekuona wewe, umejua binti yao yuko kwa nani. Wapo waliobahatika asubuhi ya kwanza, na wapo waliofika kahawa ikichanua wakaondoka ikivunwa. Mimi sikwenda. Thamani ya mbuzi niliituma kwa mkono wa dereva, na salamu kwamba fundi hawezi kufunga duka kwa ajili ya kungoja mawingu. Siku zile ukifunga duka, unarudi unamkuta mtu ndani anakuuliza wewe ni nani.

Mke wangu aliendelea na mapishi yake. Nikadhani yameisha.

Ndipo akaja Mkongo.

Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na sabuni, Mprotestanti wa kuimba imba, mtu wa mashariki ya Kongo, na alikuja kutafuta masanduku ya kusafirishia mali.

"Bonjour, patron. Ile masanduku yako iko nguvu?"

"Kalia."

Hakulikalia, alipanda juu yake akacheza ngoma. Miguu ile! Misuli ya vigimbi imejaa kama mikate. Nikaiona, na kabla sijaacha kuitazama, mke wangu akaingia na birika la chai. Akamsikia anavyosema, akasimama. Akamtupia neno la kwao. Mkongo naye akaruka chini, akamjibu kwa maneno yale yale, na wote wawili wakapiga kelele kama watoto walioachiwa kutoka shuleni. Kumbe ni wa mlima ule ule. Mpaka umepita katikati, mmoja kabaki Uganda na mwingine Kongo, lakini lugha ni moja.

"Weka mzigo wako hapo upande wa mlima," mke wangu akamwambia kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

Na yule mtu, bila kuuliza, bila hata kugeuza kichwa, akauweka mzigo wake kwenye ukuta wa magharibi.

Kitu kilinikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege. Kilikaa hapo msimu mzima.

"Huyu ni dada yangu," akaniambia akinywa chai yangu. "Basi wewe ni shemeji."

"Udada umeanza lini? Mmeonana sasa hivi."

"Mulima ni moja, shemeji. Sisi tunakunywa maji ya mulima moja."

Nilimkodisha pembe ya stoo yangu. Watu waliniuliza baadaye kwa nini nilifanya hivyo, nami nawajibu kwamba adui ukimwacha nje humwoni anafanya nini. Alikuwa anakwenda na kurudi, kila safari akipitia kwa baba mkwe wangu, na kila akirudi wanakaa kwenye sigiri wanaongea mlima. Walikuwa na jina kwa kila namna ya wingu. Liko wingu la kuanika kahawa na liko la kuanua, liko la kumwita mtoto nyumbani. Mimi nilikaa nao nikiwa nimeshika nyundo, kwa sababu mtu mwenye nyundo haulizwi kwa nini amekaa.

Jumapili tulipanda wote Namirembe kwenda kusali. Nilivaa suti yangu ya kijivu na viatu vya kisigino. Wao wakatangulia, mtoto wangu akiwa mabegani mwa Mkongo, wanacheka, hawahemi. Mimi nilikuwa nyuma nikipumua kama mvukuto. Mke wangu akageuka.

"Baba Mtoto, tukungoje?"

"Natazama mji," nikasema.

"Hii munaiita kilima?" Mkongo akaniuliza. "Kwetu hii ni kizingiti. Ukitoka nyumba unairuka."

Mke wangu akacheka mpaka akashika tumbo. Nilimchekesha lini mimi hivyo? Nilimnunulia redio, nilimnunulia cherehani, nilimpa sukari wakati wake za wakubwa wanakunywa chai chungu. Mpaka leo sijui kwa nini neno moja la mtu mwenye miguu minene linapita redio.

Kisha ukaja ujumbe. Mkongo alirudi safari moja hana nyimbo, akakaa, akanitazama mimi.

"Shemeji, muzee amenituma. Anasema macho yake inazimika. Anataka akuonyeshe kwa mulima yeye mwenyewe, wakati bado anaona mwanga kidogo. Kama kahawa itavunwa yote na wewe hujakuja, anasema umurudishie binti yake na mutoto. Bei ya mbuzi atakurudishia."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anachambua mchele, na hakuinua kichwa, na hakusema kwamba baba yake ametania.

"Ni mzee aliyesema," nikauliza, "au ni wewe uliyemwekea maneno mdomoni?"

"Mimi ni barua, shemeji. Barua haina mudomo."

Siku zile sikulala vizuri. Upande wangu wa bondeni niliuona umeteremka zaidi. Nilihesabu kwamba nikienda, duka litaingiliwa, na nisipokwenda, mke ataondoka, na nikimruhusu aende peke yake kumtuliza mzee, atasindikizwa na nani kwenye lori? Na yule. Ndipo nikapata fikira ambayo mtu wa darasa la saba asingeipata. Wanataka mlima unione? Nitauleta Nateete. Mimi ni fundi.

Nilikata mabati mapya, nikayaunga kwa ribiti upana wa mlango na nusu, nikayafua kwa nyuma ili vilele vitokeze mbele. Lakini vilele gani? Mlima wenyewe nilikuwa sijauona. Kwa mke wangu nilitaka iwe zawadi, kwa hiyo nilibaki na mtu mmoja tu wa kumuuliza. Basi mimi, mwenye mali, nilimwalika Mkongo kwenye hoteli ya wapagazi nikamnunulia ugali na maharage, na yeye akaufinyanga ule ugali kwenye sahani kwa kidole gumba.

"Hapa iko jino. Hapa anakata, kama tandiko ya punda. Hapa iko mukubwa yenyewe. Na hapa pembeni, mutoto wake."

"Huyu mkubwa anainama?"

"Anainama kidogo, kama mama anasikiliza kitu."

Halafu akamchukua yule mkubwa, akamchovya kwenye mchuzi, akamla.

Fundi wa rangi nilimtoa Mengo, Muganda aliyechora simba kwenye mabaa yote ya barabara ile. Alitazama bati langu akakuna kichwa. "Sebo, langi ya kijani ninayo, ya buluu ninayo. Nyeupe hakuna. Nyeupe yote imekwenda kupaka mawe kando ya balabala za wakubwa." Ilikuwa kweli. Mji mzima ulikuwa hauna sabuni, lakini mawe yalikuwa safi. Nikamwendea sajini mmoja aliyekuwa mteja wangu, mtu wa Kiswahili cha kambini.

"Mzee, wewe nataka rangi nyeupe ya nini? Nataka paka kaburi?"

"Mlima, afande."

Alicheka sana, akanipa kopo kubwa kutoka stoo ya jeshi kwa bei iliyonifanya nikohoe.

Jumamosi alasiri niliusimamisha mlima wangu uani, nikaufunika shuka, nikaita majirani. Nilipoivuta ile shuka, nakwambia, watu walirudi nyuma hatua moja. Jua lilipiga ule weupe ukaingia machoni. Yule mama wa nyanya alijikunyata kwenye gauni lake la gomesi eti anaona baridi. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama kile, kabla wala baada.

Mke wangu aliukaribia. Akaupapasa kwa kiganja, kilele kwa kilele, kama mtu anayempapasa uso mgonjwa.

"Baba Mtoto. Hiki ni nini?"

"Mlima wenu. Mzee anataka nionwe, basi na unione hapa. Hata kila siku."

Midomo yake ilianza kutetemeka. Nikajua atalia kwa furaha, nikajiweka sawa. Akasema, "Huu ni mgongo."

"Mgongo wa nini?"

"Mgongo wa mlima. Umeugeuza. Umeninunulia mgongo."

Mkongo akaruka kutoka pale alipoegemea. "Mugongo? Ile ni uso! Uso iko kwetu, dunia yote inajua!"

"Kwenu! Kwenu mnauona mlima ulipogeuka kwenda chooni!"

"Na ninyi munakaa pale anamwaga majivu!"

"Wewe mtu mzima, huoni aibu? Jino liko upande gani?"

"Jino iko pale Mungu aliweka! Ninyi mumekaa nyuma yake, munaona kisogo, munaamkia kisogo!"

Majirani walikuwa wanacheka huku wamekaa chini. Mke wangu alikuwa amekunja kidole mbele ya pua ya yule mtu, kanga imeteleza, macho yanawaka, na alikuwa mzuri kuliko siku niliyomwoa. Mimi hajawahi kugombana nami hivyo. Mimi nikisema neno alijibu, "Ndiyo, mzee," akaenda zake kupika. Nilisimama kando ya mlima wangu wa bati nikaona kwamba hata ugomvi wake mzuri amempa mwingine.

Hatukusikia Landrova mpaka ilipozima injini. Alishuka ofisa mwenye miwani myeusi, na nyuma yake yule sajini wangu, ambaye sasa alinitazama kama hajawahi kuniona. Nikasikia bati la uzio likilia mara moja upande wa nyuma: Mkongo alikuwa amekwisha kwenda. Misuli ile ya mlimani kweli ilikuwa na kazi.

"Nani nafanya hii?" ofisa akauliza.

"Mimi, afande."

"Hii mlima gani?"

Nikaanza kujibu, kisha nikakumbuka. Majirani wote walikuwa wamesikia kwamba huu ni upande wa Kongo.

"Mimi nauliza wewe. Hii mlima ya nchi gani?"

Kwa neno dogo kuliko hilo watu walikuwa wametiwa kwenye buti ya gari wasionekane tena. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Ndipo nikasikia mtu ananishika shati kwa nyuma, mkono mdogo, umekaza.

"Ni wa Uganda, afande," mke wangu akasema. "Ni wa kwetu. Na huo ndio uso wake."

Ofisa aliutazama mlima, akamtazama yeye, akautazama tena. "Sura mzuri," akasema. Kisha akageukia askari wake: "Panda!"

Nikainua mguu kulifuata gari. Lakini askari wawili walinipita, wakaubeba mlima, wakaupakia nyuma ya gari, na sajini akamalizia kwa kuchukua sanduku moja jipya, eti la kuwekea shuka. Wakaondoka. Ule weupe tuliuona mpaka kwenye kona.

Jioni ile mke wangu alinipakulia chakula, akakaa mbele yangu, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nimeusemea mlima uongo mbele ya watu," akasema. "Nimeuita mgongo uso. Kwa ajili yako."

"Nimesikia."

"Basi utakwenda kuonwa, au nitakwenda peke yangu, na sitarudi."

Hakupaza sauti. Na mimi niliyezoea kusema hakuna wa kuniamrisha, nilimwomba tu aniongezee mchuzi. Duka nilimwachia yule fundi wa rangi akae mlangoni, tukapanda basi la Kasese, mimi na mke na mtoto na mbuzi.

Njiani sitaki kueleza sana. Kila kizuizi tulishuka, tukafungua mizigo, tukasikia, "Wewe natoka wapi? Nakwenda fanya nini?" Nilisema nakwenda kwa wakwe, wakacheka, wakachukua walichochukua. Kutoka barabarani tulipanda kwa miguu, na pale mke wangu akabadilika. Alivua viatu. Mtu niliyemjua anatembea polepole Nateete na kikapu chake alikuwa anaruka mawe huku amembeba mtoto, anaitikia salamu kutoka migombani, na kila mwanamume aliyekutana naye alimwita kwa jina ambalo mimi sikuwahi kuambiwa. Na wote walikuwa na miguu ile ile ya Mkongo! Kumbe kigongo kizima kilikuwa nayo. Kabla nilikuwa namwonea wivu mtu mmoja, sasa nilikionea wivu kijiji.

Baba mkwe alikuwa mzee mwembamba, macho yana ukungu. Alinipapasa mabega.

"Fundi wa masanduku."

"Ndiyo, baba."

"Unajua kuezeka?"

"Baba, hakuna kitu cha bati nisichokijua."

"Vizuri. Paa langu linavuja."

Niliagiza mabati kutoka Kasese kwa pesa yangu, maana sikutaka mtu aseme mkwe wa mjini amekuja na mbuzi peke yake, nikapanda juu ya nyumba. Na mawingu yakakaa. Kila asubuhi yalikuwa pale, mazito, kama mtu ametandika godoro juu ya migomba. Vijana walipita na vikapu vya kahawa wakanichokoza. "Shemeji, leo utaonwa?" "Shemeji, mlima umeuliza bei ya suti!" Mkongo naye akapita siku moja na mzigo wake, akasalimia, nikaambiwa ana mke na watoto saba upande wa pili. Mke wangu alinitazama aone nitasemaje. Nikapigilia msumari mwingine. Kuwa na mke hakujamzuia mtu kuwa na macho.

Usiku mke wangu alilala kwa mama yake, kama mila yao inavyotaka. Niliwasikia huko wanacheka.

Asubuhi moja nilikuwa juu ya paa napigilia bati la mwisho. Baridi ilinikata vidole. Nilisikia kelele za watu, nikadhani nyumba inaungua, nikainua kichwa. Mawingu yalikuwa yamechanika katikati, na katika ule mchaniko, juu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kutazama, kulikuwa na kitu. Siwezi kusema ni mlima. Milima niliijua, nilikuwa nimeufua mmoja. Hiki kilikuwa kimekaa mahali pa mbingu. Chini watu waliacha majembe, wanawake waliacha vyungu, hakuna aliyenyoosha kidole.

"Fundi!" Baba mkwe alikuwa amesimama uani, uso ameuinua, lakini ameuelekeza pembeni kidogo. Nikafahamu kwamba haoni. Mwanga aliokuwa anautegemea ulikuwa umekwisha, na hakumwambia mtu. "Fundi, nasikia wamenyamaza. Umefunguka?"

"Umefunguka, baba."

"Mweupe?"

"Mweupe."

"Mweupe wa namna gani? Wa maziwa? Wa pamba? Nieleze, wewe ndiye mwenye macho."

Mimi si mtu wa maneno mazuri. Nilitazama nikatafuta. "Kama bati jipya," nikasema, "likitolewa kwenye karatasi yake, kabla mkono wa mtu haujaligusa. Halafu lipigwe na jua."

Machozi yakamshuka mzee, au ni umande, sikuwa karibu. Akaitikia kwa kichwa.

"Ndivyo ulivyo," akasema. "Umeonwa."

Watu wakapiga vigelegele. Nikamtafuta mke wangu. Alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake na mtoto kiunoni, kichwa amekiinua, midomo iko wazi. Uso ule! Miaka yote nimekaa naye, nimemvisha, nimemlisha, uso ule hajawahi kunigeuzia mimi. Nilikaa pale juu na nyundo yangu, mkwe kamili, nimeshinda, na niliuonea mlima wivu mpaka meno yakauma. Kwa Mkongo ningeweza kusema ni mtu tu, atazeeka. Huu utazeeka lini?

Mawingu yakafunga. Ndipo akanitazama mimi.

"Teremka unywe chai," akasema. "Kesho turudi kwetu."

Alisema kwetu, na alikuwa anasema Nateete. Tulirudi, duka nikalikuta, na mke ninaye mpaka leo. Watu wakinisikia nikijisifu kwamba mimi ni mkwe wa mlimani huniuliza ilinigharimu kiasi gani, nami si mtu wa kuficha bei: mabati ya mlima wa kwanza, rangi ya sajini, basi, vizuizi vyote vya njiani, mbuzi niliyempeleka safari hii kwa mkono wangu mwenyewe, na paa la mzee, vyote kwa pamoja shilingi elfu mbili mia tatu na kumi na tano, na senti arobaini.